Benchi Moja la Stesheni

Leo mke wangu ameniumbua mbele ya wajukuu, na siwezi kumlaumu.

Tulipitia ile stesheni ya zamani, ambako miaka ya sabini sisi watu wa Keumbu tulishuka basi ili tupande treni ya Nairobi. Siku hizi nyasi zimefunika reli, na mbuzi wanalala chini ya dirisha la tiketi.

Mimi nikaanza somo. Hapa palipangwa magunia ya pareto. Pale karani alipiga kengele. Humu ndani abiria walikuwa na benchi moja tu, na bado lipo.

Mke wangu akasema polepole, "Baba Kemunto, waambie na ile siku ya mvua."

Nikajua kwamba siku zote amejua.

Kwetu Gusii, mtu hakai kiti kimoja na mama mkwe wake. Ni heshima, tunaiita chinsoni. Siku hiyo ya mvua, mama mkwe alipotokea mlangoni na kikapu chake, ilinipasa niinuke nitoke. Lakini nilikuwa mwalimu mpya, nina suti mpya. Nikajifunika gazeti, nikajifanya sijamwona. Mama wa watu akarudi nje, akanyeshewa mpaka treni ikaja.

"Alikwambia lini?" nikauliza.

"Aliporudi safari. Akasema nisikuulize, usije ukaona aibu."

Mama mwenyewe alishazikwa zamani.

Wajukuu wakakaa kwenye benchi, wakaniita. Nilibaki mlangoni nimesimama.

Ninyi mngekaa?