Kikombe Walichompa Nahodha Colin

Aliyenitoa nyumbani kwangu Columbia, Maryland, hadi visiwa vya Karibi ni rafiki yangu Zainabu. Yeye ni Mtanzania wa Dodoma, anafanya kazi katika ofisi moja huko Arlington. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Nyahururu, Kenya, mahali ambapo maji mengi tuliyoyajua ni ya mvua na ya maporomoko. Tulijifunza kuendesha mashua za matanga kwenye mto Potomac, Jumamosi baada ya Jumamosi, huku watu wa kanisani kwangu wakiniuliza, "Mama Imani, wewe na maji mlijuana lini?"

Zainabu ndiye aliyegundua kwamba kule Antigua kuna mashindano ya mashua za zamani, zile za mbao zilizotunzwa mpaka leo, na kwamba ukitaka unaweza kukodi moja pamoja na nahodha wake. Tangazo lilisema kila mgeni angekuwa baharia, angepewa kamba yake na kazi yake. Tukaungana na wenzetu wachache wa klabu yetu ya mashua, Wamarekani, tukakodi.

Asubuhi ya kuondoka, binti yangu Imani alitupeleka uwanja wa ndege wa Dulles. Kiswahili anakielewa vizuri lakini majibu yake yote ni ya Kiingereza. Nilimwambia awapikie wadogo zake, asiwalishe pizza wiki nzima. "Mom, just don't drown," akajibu, yaani mimi nisizame tu.

Antigua ilitupokea kwa jua kali na upepo usiochoka. Bandari imezungukwa na vilima vya kijani, na mashua zilikuwa zimefungwa bega kwa bega, shaba yake inang'aa, mbao zimepakwa vanishi hadi unajiona uso. Yetu ilikuwa nyeupe, ndefu, ya mlingoti mmoja mrefu ajabu. Niliipenda papo hapo.

Mwenyewe sikumpenda. Nahodha Colin, mzungu mzee wa ndevu nyeupe na uso uliobabuka kwa jua, aliwapa mkono wenzetu mmoja mmoja. Alipotufikia mimi na Zainabu alionyesha ngazi ya kushukia chini. "Jiko liko huko," akasema.

"Na usukani uko wapi?" Zainabu akamuuliza.

Hakucheka. Aliyecheka ni Verna, msaidizi wake, mama wa makamo mwenyeji wa kisiwa hicho. Alitushika mkono, akatuonyesha kila kamba na jina lake, na siku ya mazoezi akamkabidhi Zainabu kamba ya tanga la mbele. Mimi nilipewa kazi ya kukaa ukingoni na kuangalia mashua nyingine, nitoe sauti zikikaribia. Siku hiyo nilisahau kero zote. Mashua ililala upande, maji ya buluu yakapita chini ya miguu yetu, na zile mbao kuukuu zikawa zinaguna kama mtu anayefurahia kazi yake.

Siku ya shindano upepo uliongezeka. Tulianza vizuri, tukazipita mashua mbili, na tulipozunguka boya la kwanza mbele yetu ilibaki moja tu, ndogo, iliyokuwa ikiongozwa na wazee wa hapo hapo. Colin alikuwa anaimba. Ghafla upepo ukaipiga ile mashua ndogo, ikainama vibaya, na nikamwona mtu mwenye shati jekundu akirushwa baharini.

"Mtu majini!" nikapaza sauti, nikanyoosha mkono kumwonyesha, kama tulivyofundishwa.

Mashua yake ilikuwa imechanika tanga, inasukumwa mbali naye. Tuliokuwa karibu ni sisi.

"Nimemwona," Colin akasema. "Wa nyuma watamchukua. Endeleeni."

Niligeuka. Wa nyuma walikuwa mbali, na mawimbi yalikuwa yanakifunika kile kichwa na kukiachia. Mimi nimefanya kazi miaka mingi na watu wanaokosa pumzi. Najua subira haiwasaidii.

"Geuza mashua!" nikamwambia. "Huyo hatawasubiri wa nyuma!"

"Hapa nahodha ni mimi!"

Verna akasema kwa sauti ya chini, "Kapteni, tumgeukie." Colin akamkata jicho, akashikilia usukani vilevile.

Zainabu hakubishana na mtu. Aliifungua ile kamba yake yote, akaiachia. Tanga la mbele likaanza kupiga makofi kama mabati kwenye dhoruba, mashua ikapoteza mwendo, na Colin akatutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini shindano lilikuwa limeshamponyoka, akageuza. Verna akarusha boya la kuokolea, tukamvuta yule mtu hadi sitahani.

Alikuwa mzee aitwaye Alford. Kichwa kilikuwa kimepasuka na damu haikatiki. Nilipomuuliza kama anatumia dawa yoyote, akanong'ona kwamba anameza za kulainisha damu isigande, kwa ajili ya moyo. Nikakandamiza kitambaa juu ya jeraha, sikuachia mpaka tulipofika bandarini alikokuwa daktari. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungeleta maiti.

Sasa sikilizeni kilichoniwasha roho. Jioni, wakati wa kutoa zawadi, waamuzi walitangaza kwamba Nahodha Colin amerudishiwa muda alioupoteza, hivyo ameshika nafasi ya pili, na juu ya hilo anapewa kikombe cha ubaharia mwema kwa kuacha ushindi ili aokoe maisha. Watu wakasimama kumshangilia. Naye akakipokea! Akaweka mkono kifuani, akasema baharia yeyote angefanya hivyo.

Nikasimama na gauni langu la sherehe, nikasema kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi, "Mwambieni aseme nani aliachia kamba!"

Colin akatabasamu. "Wageni wetu walipata wasiwasi kidogo," akasema.

Ndipo Verna akasimama, yeye ambaye mkate wake ulitoka kwa mtu huyo. "Nilikuwepo," akasema. "Kapteni, ulisema Alford aachiwe wa nyuma. Mama huyu alikuomba ugeuze, na mimi nilikuomba, ukakataa."

Mnadhani walimnyang'anya kikombe? Mwamuzi mkuu alituita pembeni, akatuambia kwa upole kwamba sifa za mashua huenda kwa nahodha na si vizuri kuharibu sherehe. Kesho yake Verna hakuwa na kazi. Tulimkuta gatini na begi lake. Zainabu alimkumbatia, akalia. Mimi sikulia, nilikuwa na hasira mno.

Kabla ya kupanda ndege tulipita hospitali. Alford alikuwa ameketi kitandani, amefungwa bendeji. Alimshika Zainabu mikono yote miwili, akaibusu.

Nimerudi Columbia. Wiki iliyopita niliwasimulia wenzangu wa ibada ya nyumbani, na mzee mmoja akaniambia, "Mama Imani, msamehe huyo mzungu, utulie."

Nilichojifunza safarini ni kwamba mtu akiwa majini, kazi ni ya aliye karibu naye, hata kama usukani ameshika mwingine. Kuhusu kusamehe, nilimjibu yule mzee kwamba Colin hajaomba. Na kutulia sitaki.