Jiwe la Mwisho la Banda la Kufulia

Chumba cha mashine za kufulia cha apatimenti zetu hapa Gulfton hakina dirisha. Unaingiza nguo, unagusisha kadi, unakaa kwenye kiti cha plastiki na simu yako. Watu hawasemeshani sana mle. Mimi nikikaa pale huwa nasafiri. Naenda bila viza hadi kwenye kamji kamoja ka Ufaransa ambako sijawahi kukanyaga, na nikifika najua kila kona: mnara uliobaki peke yake baada ya ukuta wa mji kubomolewa, soko lenye paa linalobebwa na nguzo za mbao nene kuliko mimi, kanisa lenye kengele iliyopasuka kidogo, na chini kabisa, karibu na mto, banda la kufulia nguo.

Aliyenipeleka huko ni Bibi mmoja Mfaransa wa Pearland, mji wa hapa jirani, niliyekuwa nikimtunza mwaka juzi, kabla mwanawe wa kiume hajamchukua kwenda kuishi naye Dallas. Wakati ule alikaa kwa binti yake, nesi, ambaye alitoka asubuhi na kurudi jioni amechoka. Kazi ile niliipata kwa sababu ya Kifaransa tu. Bibi alikuwa ameanza kusahau, na Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka.

“Kifaransa hicho umekitoa wapi?” aliniuliza siku ya kwanza.

“Kambini, Kigoma. Tulisoma masomo ya kwetu Kongo.”

“Mwalimu wako alikuwa na mafua?”

“Labda ni mimi, Bibi.”

Alicheka hadi meno ya bandia yakacheza. Nilimwita Bibi, kwa Kiswahili hivyohivyo, akakubali. Yeye aliniita binti.

Mchana, akishakula, alinipa habari za mji wake. Hakuanza na wafalme. Wafalme, alisema, walipita tu wakienda kwingine. Alianza na maji. Zamani sana watengeneza ngozi walichimba mfereji kutoka mtoni, na baadaye mfereji huo ukapitishwa kwenye banda la kufulia: bwawa refu la mawe, juu yake paa la vigae, na pembeni mawe yaliyolazwa mshazari, kila mwanamke na jiwe lake. Walipiga magoti ndani ya visanduku vya mbao vilivyojazwa majani makavu, wakapiga nguo kwa kibao, wakawasema waume zao. Jiwe lilirithiwa, mama akifa anachukua binti. Wenye mji wa tangu na tangu walikaa juu, maji yanakoingia yakiwa safi. Wageni walikaa chini, yanakoishia, wakipokea uchafu wa mji mzima.

Mama yake Bibi alikuwa mgeni. Alifika wakati wa vita, kwa miguu, kutoka kaskazini, Bibi akiwa mtoto juu ya mkokoteni.

“Tulikuwa wakimbizi,” alisema.

Nilikuwa namkata kucha. Nikashika kidole kilichofuata.

“Na nyinyi, huko kambini, mlifulia wapi?”

“Bombani. Foleni, ndoo kwa ndoo. Mama yangu aligombana na nusu ya kambi.”

“Safi kabisa,” akasema. “Wangu alikuwa kimya mno.”

Halafu mpwa wake, ambaye bado anaishi kule, akapiga simu. Lile banda lilikuwa limeharibika miaka mingi. Sasa mji unalikarabati, na wenyeji wameamua kila jiwe liwekewe kigae chenye jina la mwanamke aliyelitumia. Wazee waliobaki walikuwa wamekumbuka karibu mawe yote. Mama yake Bibi ndiye hakuna aliyejua alikaa wapi.

“Shangazi, jiwe lipi? Fundi anasubiri. Lisipojulikana, jina lake tutaliweka ukutani, pamoja na wengineo.”

Bibi alirudisha simu mezani taratibu kama kitu cha moto. “Nilikwenda naye kila wiki,” akasema. “Kila wiki! Na sijui.”

Hiyo “wengineo” ilimkaa kooni. Alikula kidogo. Aliamka usingizini akiuliza jiwe lipi. Jioni moja binti yake, akivua viatu vya kazi, alimwambia, “Mama, chagua tu lolote zuri, kule juu. Nani atabisha?”

“Mimi nitabisha.”

Tulijaribu. Nilipanga vipande vya mkate mezani viwe mawe, naye akavitazama, akavila viwili. Nilimuuliza majina ya wanawake. Aliyataja vizuri, mmoja mpaka na mimba zake, lakini mama yake hakukaa popote.

Siku moja jua lilikuwa zuri, nikatoa beseni nje, nyuma ya nyumba, nikajaza maji kwa mpira wa bustani.

“Mashine imekosa nini?” Bibi akauliza.

“Haijakosa kitu. Nataka uone kwetu tunavyofua.”

Nikachukua shati la mkwe wake, mume wa nesi, nikalipaka sabuni ya kipande, nikaanza kufikicha ngumi kwa ngumi, namna ile ya kutoa mlio, chwi, chwi, ambayo mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo. Bibi alivumilia kidogo tu.

“Hilo shati limekukosea nini? Unalikaba!”

“Nafua, Bibi.”

“Unaua. Sogea. Mwaga hayo, niwekee maji mapya.”

Nikambadilishia maji, nikamsogezea kiti, beseni juu ya stuli mbele yake. Akachukua shati jingine. Na hapo nikaona kitu. Kila mara kabla hajalichovya, mkono wake wa kushoto ulipita juu ya maji, ukafagia kwenda kulia, halafu shati likaingia haraka haraka. Akalitoa. Akafagia tena. Akachovya.

“Bibi, unafagia nini?”

“Mapovu.”

“Lakini hatujatia sabuni.”

Akaangalia. Maji yalikuwa maangavu, unaliona ua lililochorwa chini ya beseni. Mkono wake ulibaki hewani.

“Mapovu yao,” akasema polepole. “Yalikuwa yanakuja, yanakuja. Mama aliyasukuma hivi, akachovya kabla mengine hayajafika. Huku kwangu palikuwa na tundu, maji yanaanguka kwa kelele. Nilikuwa naweka mguu pale. Baada yetu hapakuwa na mtu.” Akanishika mkono kwa vidole vyake vya baridi. “La mwisho, binti. Jiwe la mwisho kabisa.”

“Pabaya, hapo?”

“Pabaya sana!” Akawa analia huku anacheka, shati linamdondokea kwenye viatu, na mimi nikawa nalia pia, maana kulia kwangu hakuhitaji sababu kubwa.

Tulimpigia mpwa palepale.

“Shangazi, una uhakika? La mwisho lina ufa, na hakuna aliyelidai.”

“Wangelidai vipi? Hakuna aliyelitaka. Andika.”

Wiki chache baadaye picha ikaja: kigae cheupe, jina zima la mama yake kwa herufi za buluu, pembeni ya ufa. Bibi aliivuta kwa vidole ikakua. Akauliza, “Maji yako wapi?” Picha haikuyaonyesha. Mpwa, Mungu ambariki, akarudi tena bandani akatuletea video. Nesi siku hiyo alikuwa mapumzikoni, tukainama wote watatu juu ya simu. Hapakuonekana mtu, ila ncha ya viatu vya mpwa, na maji yakianguka tunduni kwa kelele.

Bibi akataka irudiwe. Ikarudiwa.

“Na wewe, Mama,” binti yake akauliza, “ulikuwa unafanya nini pale? Ulikuwa mtoto.”

“Nilikuwa nakamua mashuka. Shuka linakamuliwa na watu wawili. Lete taulo kubwa, lilowanishe.”

Nesi akaleta taulo linalodondosha maji sebuleni kote. Yeye na Bibi wakashika kila mmoja ncha yake.

“Zungusha. Siyo huko! Ukizungusha ninakozungushia mimi, tutakaa hapa mpaka kesho.”