Mchezo wa Mvua Ambao Sikuukatisha

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja jirani na Songwa. Wanafunzi wangu walikuwa wakulima na wafugaji, wengi wao wakubwa kwangu kwa umri, na kusoma kwenye jua la mchana kuliwachosha. Ili wasinitoroke, Jumamosi za baada ya mavuno tulicheza mchezo. Kila mtu alijichagulia nafasi: huyu mtemi, yule mchunga ng'ombe, mwingine mchuuzi kutoka mjini. Uwanja wa shule ukawa kijiji cha kubuni hadi jua linapozama, kisha kila mtu anarudi kuwa yeye.

Mwanzoni niliwaandikia maneno ya kusema. Ikawa balaa. Mtemi alisimama amekakamaa kama anasubiri kuchomwa sindano, akasahau, akanikodolea macho mimi. Mzee mmoja akaniambia, "Mwalimu, kusema tunajua. Tuambie tu kuna shida gani, maneno tuachie wenyewe." Nilinuna, maana kazi ile ilikuwa imenitoa jasho. Lakini alisema kweli, nikayatupa makaratasi. Tukakubaliana kwamba shida nitatoa mimi, njia watatafuta wao, na nikigonga ile ringi ya lori tuliyoining'iniza kama kengele, mchezo unasimama papo hapo. Nikaahidi kwamba sitagonga ovyo.

Ahadi hiyo ilinipatia sifa. Watu wakaanza kuja kutazama hata kutoka vijiji vingine, na mimi nikavimba kichwa.

Siku moja shida niliyotoa ilikuwa mvua iliyogoma. Moyoni nilitaka waamue kuchimba lambo la kuhifadhi maji. Wao wakaenda kwa mganga. Aliyejichagulia uganga alikuwa kijana mcheshi, na kazi ya mganga wa namna hiyo kila mtu aliijua: kumtaja aliyeifunga mvua. Akazunguka uwanja akinusanusa, watu wanacheka, akasimama mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akicheza kama mama wa mtemi.

"Ni huyu," akasema. "Tazameni macho."

Macho ya bibi yalikuwa mekundu kweli, na huko kwetu macho mekundu ya kikongwe yalihesabiwa alama ya uchawi. Kuni zilikuwa shida, sote tulipikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na yeye moshi ule ulikuwa umemwingia miaka mingi kuliko sisi. Yule kijana alikuwa mjukuu wake kwa ukoo, na kwa Wasukuma mjukuu anaruhusiwa kumtania bibi yake apendavyo. Sisi wenyeji tulilijua hilo. Bibi naye hakutaka kushindwa utani. Akajishika kiuno. "Ndiyo, nimeifunga, iko chunguni kwangu. Na wewe nitakufunga mkojo, uwe na adabu kwa wazee." Wenyeji wakacheka hadi machozi.

Chuma cha kugongea kilikuwa mkononi mwangu. Nyuma ya wenyeji walisimama wageni wasiojua nani ni mjukuu wa nani, na wao hawakuwa wanacheka. Niliwaona. Lakini nikajiambia mchezo umekolea, nikiukatisha sasa nitaonekana mwalimu yuleyule wa makaratasi. Sikugonga. Hilo linanitafuna mpaka leo, na sioni kama nastahili liniache.

Msimu uliofuata mvua ilichelewa kweli. Maneno yalianzia kule kwa wageni, yakatufikia: kuna bibi amekiri mbele ya watu, tena mwalimu mwenyewe alikuwepo. Haya hayakuwa maneno ya kupuuza. Vikongwe waliosemwa hivyo walikuwa wakikatwa mapanga majumbani mwao, na kila mmoja wetu alijua mahali ilipotokea. Nikaitisha mkutano, nikaeleza kwamba ule ulikuwa mchezo. Walinisikiliza kwa heshima. "Tunajua, mwalimu," wakasema, tena kwa upole. Kesho yake nikamwona bibi kisimani. Wanawake walikuwa wamempisha achote peke yake, na hakuna aliyemtwisha ndoo.

Mwanawe, aliyekuwa akilima huko Runzewe, alikuja na lori la pamba kumhamisha. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, wewe si ndiye uliyekuwa na kengele?" Kisha akaenda kupakia mizigo ya mama yake.

Nilikwenda kumuaga bibi. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumwomba radhi, mimi niliyekwisha kuyatupa maneno ya kupangwa. Nilimkuta ameketi juu ya mzigo wake kando ya lori, kuku wake wamefungwa miguu.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba, mwanangu." Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniwahi. "Unisamehe, mwalimu. Umehangaika kutufundisha, na mimi nimekuharibia mchezo wako. Ningenyamaza tu."

Mwanawe alikuwa akitutazama. Majirani walikuwa wakitutazama, walewale wa kisimani. Kusema wakati ule kwamba kosa ni langu, mbele yao wote, kulihitaji pumzi moja tu. Dereva akapiga honi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Nimekusamehe, mayu."

Akanishukuru, akapanda lori.