Magunia Yaliyonyimwa Mbolea

Watu wa mtaa wa Jericho wanamjua Kavinya kama yule dada wa magunia. Nyuma ya nyumba za zamani za kaunti, mahali ambapo wengine huanika nguo, amepanga safu mbili za magunia yaliyojazwa udongo na kupandwa mboga za managu. Safu moja hupata mbolea. Ya pili hupata maji tu, ili ionekane mbolea imeongeza nini. Tofauti kati ya safu hizo ndiyo shahada yake ya uzamivu katika kilimo cha bustani, na chuo kimeshamwonya kwamba hakitamwongezea msimu mwingine.

Majirani hakuwaeleza. Hana jamaa hapa, na aliosoma nao walishahitimu. Asubuhi hupima majani, mchana husoma, jioni hula mbele ya kompyuta. Kuna siku sauti yake mwenyewe humshtua anapoagiza maziwa dukani.

Mwezi uliopita alikaa chuoni wiki nzima. Aliporudi, safu zote mbili zilikuwa zimenawiri, hazitofautiani.

"Umeona watoto wako?" aliita Mirriam, mama yake Shirleen, jirani anayefuga kuku. "Wa upande huu walikuwa wamekonda, nikasema huyu dada amewasahau. Nikawapa mbolea ya kuku."

"Magunia yote, Mama Shirleen?"

"Yote. Kwani ungetaka nilishe nusu, wengine wafe njaa? Na wewe ongeza ugali, unafanana nao!"

Wanawake waliokuwa wakifua wakacheka. Kavinya naye akacheka, akashukuru.

Angeweza kubuni vipimo vya msimu huo na hakuna ambaye angejua. Aliketi kitandani muda mrefu, kisha akampigia simu msimamizi wake, Daktari Bwire, akamwambia yaliyotokea.

"Basi huo msimu umeenda," Bwire alisema. "Nitaiomba kamati ikuruhusu kupanda upya, lakini usitegemee sana. Majirani hukuwaambia unafanya nini?"

"Hakuna aliyeuliza, daktari."

"Nawe hukusema."

Jumamosi Kavinya aliwaruhusu majirani wachume mboga. Walikuja na mabeseni wakipiga soga, na kabla ya adhuhuri magunia yalibaki na vijiti. Kavinya alimfuata Mirriam hadi mlangoni.

"Mama Shirleen, yale uliyoona yamekonda, nilikuwa nataka..."

"Achana na hayo, dada. Hata usinishukuru," Mirriam alisema, akaingia ndani na beseni lake.