Kitunguu cha Shangazi

Sina ugomvi na mboga. Mlenda nakula, majani ya maboga nakula, na vitunguu nimevivuna kabla sijajua kushika kalamu. Ugomvi wangu ni na watu wanaoingia bustanini kama wanaingia duka la dawa. Kwetu Ihanja, kinara wao alikuwa shangazi yangu, mdogo wake baba, aliyehamia nyumbani kumtunza kaka yake baada ya mama kufariki.

Kwa shangazi hakuna gonjwa lisilo na mboga yake. Magoti yakiuma, unywe maji ya bamia, kwa sababu bamia inateleza na goti nalo linataka kuteleza. Ndiyo sayansi yake hiyo. Nilipokuwa na mimba ya kwanza alinilisha mlenda asubuhi na jioni ili mtoto ateleze. Mtoto hakuteleza, nilipasuliwa. Shangazi akaja wodini, akamtazama mjukuu wake, akaniambia, "Nilijua. Lile bakuli la mwisho hukulimaliza."

Lakini mkubwa wa dawa zote alikuwa kitunguu. Kikohozi, kitunguu na asali. Homa, kitunguu ndani ya soksi. Jipu, unakichoma kwenye majivu, unakikata katikati, unakibandika kingali moto na kufunga kitambaa mpaka jipu liive. Sisi tunalima vitunguu, malori yanakuja kuvibeba, na shangazi aliona ni kama kumtukana Mungu kwenda kutafuta vidonge huku gunia limeegemea ukuta.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku mjini, naishi Utemini. Nilimcheka shangazi waziwazi. Kila nilipofika kijijini nilimwamkia, "Shikamoo, daktari," naye akaitikia "Marahaba" bila kuudhika hata kidogo, jambo lililonikera zaidi. Kumwelimisha sikujaribu. Kuelimisha ni kazi, kudharau hakutoi jasho.

Sasa, baba ana sukari, miaka mingi. Vidonge anameza, hilo nililisimamia mwenyewe. Ila nyayo zake zilishakufa ganzi. Aliweza kuvua kandambili jioni akakuta mwiba umezama kwenye nyama tangu asubuhi, na hana habari. Mimi nilijua maana yake. Mishipa ya fahamu naifundisha kila mwaka, naichora ubaoni kwa chaki za rangi. Shangazi sikumchorea hata mstari.

Asubuhi moja akanipigia simu. Nilikuwa ofisini nasahihisha mitihani na mwalimu mwenzangu. Akasema baba ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, kimevimba kama jipu, lakini yeye mwenyewe hakielewi vizuri.

"Nimlete huko hospitali," akauliza, "au nianze na kitunguu?"

Sikia jibu la msomi. Nilisema, "Bandika kitunguu, shangazi. Si ndiye daktari wenu? Hospitali ya nini tena?" Nikakata simu, nikamsimulia mwenzangu, tukacheka mpaka chai ikapoa.

Nilidhani kejeli inajulikana tu. Kwetu mkubwa hamuulizi mdogo ovyo ovyo. Akimuuliza, amekwama kweli, na jibu analipokea kama lilivyo. Shangazi hakuwahi kuniuliza dawa maishani mwake. Siku hiyo aliniuliza kwa kuwa, kwa mara ya kwanza, alikuwa na shaka na kitunguu chake.

Basi akakichoma, akakibandika. Mwenye mguu mzima angeruka. Baba alikaa anakunywa uji, akasema hasikii chochote, na shangazi akaona dawa imeshatuliza maumivu. Kesho yake akabandika kingine, cha moto zaidi. Siku ya nne walinipigia kuhusu harufu.

Nilikodi gari nikawafuata. Njia nzima ya kurudi mjini nilimpiga shangazi kwa maneno, mengine siwezi kuyaandika. Nilimwita mjinga mbele ya dereva, mimi niliyefundishwa kumwamkia kabla sijavuka kizingiti. Alikuwa ameupakata mguu wa kaka yake kwenye kanga yake, ameinamisha kichwa. Nami nikaona kuinama kwake ni ushahidi wa kosa.

Hospitalini daktari, kijana tu, alifungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imeungua, na chini yake nyama imeoza. Akasema vidole viwili haviokoki, na kuhusu mguu wenyewe hawezi kuahidi. Kisha akauliza kwa ukali, "Nani aliwaambia mbandike kitu cha moto hapa?"

Nikamgeukia shangazi, nikakunja mikono, nikasubiri aaibike.

"Ni mimi," shangazi akasema, macho sakafuni.

"Hapana," baba akasema. Akajiinua kidogo kitandani, akanyoosha kidole upande wangu, na sauti yake ilikuwa ile ile anayoitumia kunitambulisha kwa wageni. "Hatukujiamulia, daktari. Sisi tulimpigia kwanza huyu binti yangu. Ni mwalimu, amesomea mambo ya mwili."