Kamongo Nisiyemla

Kamongo simli. Mama hakumla, bibi hakumla, na katika ukoo wetu mwanamke aliyeonekana na mchuzi wa kamongo angesemwa kutoka Bunda hadi Butiama. Kwa hiyo pale gengeni kwangu Nyasho, mjini Musoma, wenzangu wakiagiza supu yake asubuhi, mimi naagiza chai na chapati, nawatania kwamba wanakunywa nyoka. Miaka yote nimejiona sina kesi na samaki huyo.

Anayemvua ni mdogo wangu. Yeye alibaki nyumbani, ufukweni upande wa Bunda, anatega ndoana nje ya matete na kuwauzia wapika supu wa Musoma. Ana kovu kubwa kiganjani, alilopewa na kamongo aliyemdhani amekwisha kufa. Akipumzika hupenda kutazama video za papa kwenye simu, na lazima aniite nione meno.

"Watu wa pwani wana papa, dada. Sisi tuna huyu wetu."

Shamba la mama liko hapo hapo. Ziwa lilipofura miaka ile lilimeza nusu ya shamba, kisha likarudi nyuma kidogo na kutuachia bwawa dogo katikati ya matete. Bwawa hilo linapata maji ya ziwa kupitia mkondo mwembamba unaopita kando ya matuta yangu ya vitunguu. Mimi huja kutoka Musoma kupalilia, nalala kwa mdogo wangu siku chache, narudi gengeni.

Msimu uliopita wa mvua alinishika mkono akanipeleka bwawani. "Sogea taratibu," akasema. Kati ya majani kulikuwa na duara la maji yaliyovurugika, na ndani yake mgongo mweusi ukizunguka. Alikuwa kamongo dume kwenye kiota chake. Jike hutaga na kwenda zake, baba ndiye anabaki na mayai, kisha na watoto, akipiga mkia ili maji yasitulie. Mdogo wangu akachovya fimbo. Samaki akaibana kwa meno mpaka ikalia.

"Umeona? Nasikia huko baharini maji yakipata joto papa anahama. Huyu hahamagi. Ndiyo maana wazee walikuwaga wanamchoma mkuki hapa hapa kama kuku aliyeatamia, na sasa kamongo wamekuwa wa kutafuta. Tumekubaliana wavuvi wote hapa mwaloni tunaposhushia samaki, mwenye kiota haguswi."

"Mimi na kamongo wapi na wapi," nikasema, tukacheka.

Baada ya hapo mkewe akalazwa Bunda akisubiri kujifungua, naye akaenda kukaa karibu naye. Kabla ya kuondoka alinipa magunia yake matupu. Nilikuwa nimemwomba ya kubebea vitunguu. Akasema, "Niangalizie na yule mzee wangu wa bwawani." Nikaitikia huku nikihesabu matuta kwa macho.

Ziwa halieleweki siku hizi. Upepo ulivuma kutoka majini na mkondo ukajaa, ukaanza kulowesha matuta, na vitunguu vilikuwa karibu kukomaa. Kitunguu kikishiba maji kinaoza, hilo halina mjadala. Nikajaza magunia mchanga, nikaziba mkondo pale unapoingia kutoka ziwani. Nilijua bwawa linanywa wapi. Lakini sisi tuliokulia huku sote tumewahi kuona kamongo akifukuliwa kwa jembe, wakati wa kiangazi, kwenye udongo mkavu, akiwa hai na hasira zake. Kamongo hafi kwa ukame. Atalala kwenye tope, nikajiambia, mvua zikirudi ataamka. Nikapanda gari la Musoma moyo ukiwa mweupe kabisa.

Mvua zikakata mapema. Niliporudi kuvuna, vitunguu vilikuwa vizuri ajabu, vyekundu, vimekauka shingo. Nikaenda bwawani nikiwa nimefurahi. Kulikuwa na tope lililoanza kupasuka, na katikati yake dimbwi dogo lisilotosha hata kufulia. Dume alikuwa humo, mgongo wote nje. Hakuwa amejichimbia. Pembeni yake, kwenye tope, watoto walikuwa wamelala kama njiti za kiberiti zilizolowa, wamekufa. Baba anajua kulala ardhini. Watoto wa umri ule bado wanategemea maji, na hilo sikuwahi kujiuliza, kwa sababu anayefukuliwa kwa jembe siku zote ni mkubwa. Nikanyoosha mpini wa jembe nimsogeze. Akauuma.

Nilisikia aibu ikinipanda mpaka masikioni. Mimi nisiyemla kamongo nilikuwa nimemaliza wengi kuliko ndoana zote za ndugu yangu. Nikakimbilia mkondoni na kuanza kuvuta magunia, nikilia na kujitukana. Maji yakapita juu ya miguu yangu kuelekea bwawani.

Hapo ndipo mdogo wangu alipofika, na wavuvi wawili nyuma yake. Alikuwa anakuja kunipa habari: mkewe amejifungua salama. Uso wake bado ulikuwa na ile furaha alipoyatazama magunia, kisha bwawa, kisha matuta yangu makavu.

Mvuvi mmoja alikwenda kuchungulia kiota. "Watoto hamna tena," akasema. "Huyu sasa si mwenye kiota. Tumchome, ni mboga."

Nilitaka kumkataza, nikakosa uso wa kumkatazia.

"Mwacheni," mdogo wangu akasema. "Hajui kama wameisha."

Dume alikuwa ameanza kupiga mkia. Maji yalikuwa yamemfikia, naye akayavuruga juu ya wale wafu, akapanda kuvuta hewa, akarudi. Wavuvi wakaondoka bila kuniangalia. Mdogo wangu akaingia mkondoni, akamwaga mchanga gunia baada ya gunia, akayasuuza, akayakunja vizuri kama anavyokunja nguo za kanisani. Akaja nayo mpaka niliposimama.

"Shika, dada," akasema kwa upole uleule wa siku zote. "Si ulisema ni ya vitunguu?"

Niliyapokea kwa mikono miwili.