Panga Lilitoka Wapi

Shule niliacha darasa la tatu. Nilibeba mizigo ya watu pale Sirari mpaka bega likaota sugu, nikafungua duka la misumari na mabati Nkende, nikajenga. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivi ili mtu asidhani lile neno lilinitisha kwa sababu ni la Kiingereza.

Neno lenyewe ni manslota. Nililisikia Mahakama Kuu ilipokuja kukaa Tarime, kwenye kesi ya mdogo wangu. Alimkata jirani yake panga kwa ajili ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi, kijijini kwetu Nyanungu, asubuhi kweupe. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuwasalimu, nikaona kwa macho yangu.

Wakili wake, binti wa umri wa wajukuu zangu, alinielewesha tukiwa nje kwenye benchi. "Babu, kwamba ameua hatubishani. Serikali inasema alikusudia, na akikutwa na hilo ni kunyongwa. Sisi tunasema ulikuwa ugomvi, hasira zilimpanda pale pale, hakupanga. Hiyo ndiyo manslota. Atafungwa, atarudi."

"Na marehemu?" nikamuuliza. "Kwake kuna tofauti?"

Akafunga faili. "Babu, ukiingia mle ndani jibu unachoulizwa. Usiongeze."

Nikajibu nilichoulizwa. Marehemu alikuwa na fimbo? Ndiyo. Nani alipiga kwanza? Marehemu. Mshtakiwa alikuwa na panga? Ndiyo. Kila jibu lilikuwa kweli. Hakuna aliyeniuliza panga lilitoka wapi. Jaji akasoma hukumu yake kwa Kiingereza, karani akatutafsiria kwa kifupi: ameua bila kukusudia, miaka sita. Dada zangu walipiga vigelegele mpaka askari akawatoa nje. Mjane wa marehemu alikuwa benchi la nyuma, anaangalia miguu yake.

Neno likahamia kijijini. Kijana wa bodaboda alimgonga mbuzi wangu akafa, na badala ya kunipa pole akasema huku anacheka, "Shikamoo mzee! Hiyo manslota, sikukusudia!" Nilimtia fimbo moja ya mgongoni. Watu wakasema mzee huyu hana utani. Hawakujua nina nini moyoni.

Mwaka jana kifungo kikaisha. Kwetu Wakurya, damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, nyumba hizo hazili pamoja mpaka wazee wakae na kondoo achinjwe, na kondoo hachinjwi mpaka wenye msiba wakubali. Shamba la mdogo wangu limepakana na la marehemu. Mjane akikataa, mdogo wangu hana pa kurudi. Nikamchukua mzee mwenzangu mmoja, tukaenda.

Tulimkuta anaanika mihogo. Alitupa viti, maji hakutupa. Mwenzangu akaanza kwa maneno mazuri: mama, serikali imeshamaliza, mahakama imesema ni manslota, yaani...

"Hilo neno nimelala nalo miaka sita," mjane akamkata. "Wewe baba pumzika. Namuuliza huyu tajiri wa Nkende." Akanigeukia. "Ulikuwepo. Panga alikuwa nalo shambani, au alilifuata nyumbani?"

Mwenzangu akanikanyaga mguu. Nikauvuta.

Kutoka kwenye yale mahindi mpaka kwa mdogo wangu unavuka kijito, unapanda kilima. Mtu akienda na kurudi, hasira zina muda wa kushuka kama zinataka kushuka.

"Alilifuata," nikasema. "Alipoondoka pale shambani nilimfuata, nikakutana naye kijitoni anarudi nalo. Nilimuuliza anakwenda wapi, hakuniitikia. Nikampisha njia."

"Ukampisha."

"Nikampisha."

Aligeuza mihogo yake, kipande kimoja kimoja, mpaka akamaliza safu. Kisha akasema bila kupandisha sauti: "Watu wote wananiambia namsingizia mdogo wako. Hata wanangu wameanza kusema baba yao aliuawa na fimbo yake mwenyewe. Leo jioni nitawaambia nani amesema." Akajifuta mikono. "Kondoo hakuna. Asikanyage hapa nikiwa hai."

Njiani mwenzangu alinisema vibaya. "Jaji alimpa sita, wewe umempa maisha! Nani alikutuma? Tulikwenda kuomba amani, wewe ukaenda kutoa ushahidi!"

"Aliniuliza," nikamwambia. "Wale wa Tarime hawakuniuliza."

"Nyamaza basi. Hata kunyamaza kumekushinda?"

Kunyamaza sikushindwa. Nilinyamaza miaka sita, nikala, nikauza mabati, watu wakaniita shahidi mkweli. Sisemi lile neno ni baya. Lilimtoa mdogo wangu kwenye kitanzi, na mimi sikutaka anyongwe, sitaki hata leo. Lakini lilipimwa kwa maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa nusu.

Sasa mdogo wangu anachunga ng'ombe wa shemeji zake huko Serengeti. Shamba lake Nyanungu limeota magugu. Simu yangu hapokei. Nilikwenda mwenyewe, nikamkuta zizini anakamua. Hakusimama.

"Kaka," akasema, "ungemwambia hujui, ungepungukiwa nini?"

"Lakini najua."

Akasogeza ndoo, akaendelea kukamua. Nilisubiri mpaka ng'ombe wakaisha. Kisha akapita pembeni yangu na maziwa yake, akaingia ndani, akafunga mlango.